Kabla Hujauza Bangili: Jamii Inavyoweza Kumsaidia Kijana Kupima Wazo Lake la Biashara



Mwaka jana, siku moja baada ya chakula cha mchana, mjukuu wangu alikuja kukaa karibu yangu na simu yake mkononi. Ana miaka 27, anafanya kazi katika kampuni moja hapa Maskati, na mshahara wake si mbaya. Akaniambia: "Bibi, nataka kuacha kazi. Nimepata wazo."

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Kila siku watu wanapanda ndege baina ya Ghuba na Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na wengi hawazimalizi kilo zao. Na kila siku watu wetu wana vifurushi vya kupeleka: halua, tende, papa mkavu, nguo za harusi, dawa za mzee. Yeye atatengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha watu hawa. Mwenye kilo za ziada azitangaze, mwenye mzigo azinunue, na yeye achukue kidogo kwa kila kilo. Mtengenezaji wa programu alikuwa ameshampata, na bei alikuwa ameshapewa: riyali 4,500. Akiba yake ilikuwa riyali 1,800. Zilizobaki, mama yake amesema atauza bangili zake.

Nikamuuliza: "Nani mwengine umemwambia?"

"Watu wote wa nyumbani, Bibi, na rafiki zangu. Wote wamelipenda."

Hapo ndipo nilipoingiwa na khofu.

Bangili zangu mimi

Nieleze kwa nini. Mimi nina miaka 78. Nilisoma skuli ya masista Unguja, wakati wa Waingereza. Masista walitufundisha Kiingereza, hesabu, kushona, na wachache wetu tulifundishwa kupiga taipu kwa vidole kumi bila ya kuangalia. Nilipofika Maskati mwaka 1974 ujuzi huo ulikuwa na thamani kubwa. Nchi ilikuwa inajengwa, maofisi yalikuwa yanafunguliwa, na sisi wanawake tuliotoka Afrika ya Mashariki na Kiingereza chetu tulipata kazi za ukarani kwa haraka.

Mwaka 1986 niliacha kazi nikafungua ofisi yangu mwenyewe, Ruwi, ya kupiga taipu na kutoa fotokopi. Niliuza bangili sita nilizopewa nilipoolewa. Nikakodi chumba kwa mwaka mzima, nikanunua taipureta mbili za umeme na mashine ya fotokopi. Kabla ya hapo niliwaeleza jamaa zangu wote, na kila mmoja alisema: "Mashaallah, wazo zuri."

Wateja walikuja kweli. Walikuja na maombi ya kupeleka wizarani, mikataba ya nyumba, barua za madai. Na karibu wote walitaka ziandikwe kwa Kiarabu. Taipureta zangu zote mbili zilikuwa za herufi za Kizungu, na Kiarabu changu, nasema bila ya kuona haya, kilikuwa cha kusomea Kurani na kuamkiana. Ikanibidi nimwajiri mtu mwenye taipureta ya Kiarabu, na mshahara wake ukala faida yote. Baada ya miezi 14 nikafunga. Nilipata khasara ya riyali 2,400. Nikarudi ukarani, na huko nikabaki mpaka nilipostaafu.

Kwa miaka mingi nilidhani nilikosa bahati. Sasa naona nilikosa kuuliza. Walionipongeza walikuwa wananipenda, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na barua ya kupigwa taipu. Ningelisimama asubuhi tatu mbele ya mlango ule, kabla ya kulipa kodi, nikawauliza wapita njia kumi barua zao zinaandikwa kwa lugha gani, bangili zangu ningelikuwa nazo mpaka leo.

Kampuni changa na duka

Vijana wanasema "startapu", sisi tuseme kampuni changa. Inafaa tuelewe tofauti yake na duka, kwa sababu ushauri wa duka haufai kila pahala.

Mtu anayefungua duka la nguo anajua kuwa watu huvaa nguo. Anajua kitambaa kinanunuliwa wapi na kinauzwa kwa kiasi gani. Swali lake ni kama yeye ataweza kuuza vizuri kuliko jirani. Lakini mwenye kampuni changa analeta jambo ambalo halijafanywa kwa namna ile. Hajui kama watu wana taabu anayofikiri wanayo. Hajui kama watalipa, wala kama wataamini. Kwa hiyo, mwanzoni kabisa, kazi yake ni kujua. Kuuza kutafuata. Programu, ofisi, kadi za jina na nembo ni mambo ya baadaye. Ukianza na hayo umefanya kama nilivyofanya mimi: umenunua taipureta kabla ya kujua lugha ya barua.

Na kujua huko hakupatikani chumbani peke yako. Kunapatikana kwa watu, na watu ni jamii. Lakini jamii ina namna mbili za kumpokea kijana mwenye wazo, na zote mbili tumezizoea. Moja ni kumsifu ili tusimvunje moyo. Ya pili ni kumcheka: "Fulani naye ataka kuwa tajiri!" Zote mbili hazimfundishi kitu. Namna ya tatu, ambayo ndiyo msaada wenyewe, ni kumpa ukweli wa maisha yetu, kisha tumwachie yeye aamue.

Alasiri moja ya kahawa

Nilimwambia mjukuu wangu: "Usiuze kitu. Nipe wiki tatu." Nikawaalika wanawake wenzangu kwa kahawa ya alasiri. Tulikuwa 11, wengi wetu tunacheza upatu pamoja tangu miaka ya themanini. Watu wanaudharau upatu, lakini mwanamke aliyecheza upatu miaka 40 anajua mambo ya fedha na uaminifu. Anajua nani hulipa kwa wakati, nani huleta visingizio, na kwa nini kijumbe lazima awe mtu asiyeshukiwa.

Nilimpa kijana masharti mawili. La kwanza, asielezee programu yake mpaka mwisho. La pili, asimuulize mtu yeyote "ungependa?" Aulize: "Mara ya mwisho ulipopeleka kitu Unguja, ulifanyaje?" Mtu ukimuuliza angependa nini, atakujibu kwa adabu. Ukimuuliza alifanya nini, atakujibu kwa kumbukumbu. Baadaye nilikuja kujua kuwa liko hata kitabu juu ya jambo hili, kiitwacho The Mom Test, cha Rob Fitzpatrick, kilichotoka mwaka 2013. Jina lake maana yake ni mtihani wa mama. Anasema ukimuuliza hata mama yako kama wazo lako ni zuri atakudanganya kwa sababu anakupenda, basi muulize juu ya maisha yake na wazo lako liache kando.

Mimi nilichukua daftari nikaandika, kama nilivyokuwa nikiandika kumbukumbu za mikutano ofisini. Haya ndiyo yaliyotoka.

Kati ya wanawake 11, tisa walikuwa wamepeleka kifurushi katika mwaka ule. Wote tisa walimpa mtu wanayemjua. Hakuna hata mmoja aliyelipa. Kijana alipouliza kwa nini, mmoja alishangaa: "Kumlipa? Nimtukane mtoto wa ndugu yangu?" Kumbe bei ya kifurushi ni wema: leo unanichukulia wangu, kesho mwanangu anakuchukulia wako. Fedha haikuwemo kabisa katika biashara aliyotaka kuifanya.

Mwishowe akaieleza programu yake. Bibi mmoja akamuuliza: "Mzigo wa mtu nisiyemjua nitie katika begi langu? Wakinikamata nao uwanja wa ndege, hiyo simu yako itakuja kunitoa?" Walicheka, lakini baada ya kicheko hakuna aliyesema kuwa yeye angekubali.

Siku ya pili nikampeleka kwa bwana mmoja wa jamaa zetu aliyefanya kazi forodhani miaka mingi. Yeye hakucheka. Alimweleza taratibu kuwa anayeulizwa ni mwenye begi, kwamba "nilipewa na mtu" si jawabu, na kwamba ziko dawa za maumivu ambazo kwengine zinauzwa kwa urahisi, lakini hapa Ghuba zina masharti makali. Ushauri ule hakuulipia hata baisa moja. Wakili angelimtoza.

Wazo la kijana lilikuwa limekufa, na yeye alinyong'onyea. Lakini katika daftari langu nilikuwa nimeandika jambo jengine, ambalo siku ile hakulisikia vizuri. Bibi mmoja alisema: "Mie vifurushi si taabu yangu. Taabu yangu ni friji." Alikuwa amemnunulia dada yake friji, na ilikuwa imekaa barazani miezi saba, imefungwa kwa mashuka, ikingoja apatikane mtu anayejaza kontena. Alipolisema hilo, wengine wakaanza. Huyu ana mashine ya kufulia, huyu magodoro, huyu masanduku ya vyombo vya bintiye. Wanawake saba kati ya 11 walikuwa na mzigo mzito unaongoja, na wote hawajui kontena litaondoka lini, lina nafasi kiasi gani, wala nani anaaminika.

Nikamsomea daftari. Akanyanyua kichwa.

Riyali kumi na mashaallah kumi

Hakutengeneza programu. Alifungua kundi la WhatsApp, akamtafuta wakala wa meli mwenye kibali, akauliza bei ya kuchangia nafasi. Kisha akawarudia wale saba akawaambia: anayetaka mzigo wake uondoke mwezi ujao atoe riyali kumi za kuanzia. Familia sita zilitoa. Hapa nataka vijana wanisikilize: aliyetoa riyali kumi amekwambia zaidi kuliko aliyesema mashaallah mara kumi.

Mzigo ulifika bandari ya Malindi, Unguja, wiki ya sita. Magodoro ya mtu mmoja yalipelekwa nyumba siyo, na ilichukua siku nne kuyarudisha. Kijana akajifunza kuwa taabu kubwa haiko huku Maskati kwenye kukusanya. Iko kule, kutoka bandarini mpaka mlangoni, ambapo nyumba hazina namba na mtu anaelekezwa kwa jina la mzee wa mtaa. Jaribio zima lilimgharimu riyali 38 za mfukoni mwake. Bangili za mama yake hazikuguswa.

Wakubwa nao walianzia kwa watu

Msidhani haya ni mambo ya vikongwe na kahawa yao. Hata makampuni makubwa yalipitia njia hiyo.

Watu wakiitaja Apple huwafikiria vijana wawili na gereji. Lakini kabla ya hapo palikuwa na kundi. Tarehe 5 Machi 1975, katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, walikutana wapenzi wa kompyuta na kuanzisha klabu iliyoitwa Homebrew Computer Club. Steve Wozniak alikuwemo. Alipobuni kompyuta yake aliipeleka pale, akaionyesha, na michoro yake akaigawa bure. Katika watu wa klabu ile alikuwemo Paul Terrell, mwenye duka la kompyuta lililoitwa Byte Shop. Steve Jobs alikuwa na mpango wa kuuza bodi tupu, mnunuzi akaunganishe vipande mwenyewe. Terrell akasema atanunua kompyuta 50, kwa sharti ziletwe zimeshaunganishwa. Kwa hiyo kundi lile lilimpatia mvumbuzi wasikilizaji, likampatia mteja wa kwanza, na mteja yule akabadilisha wazo lenyewe.

Karibu na kwetu, mtazameni Mkenya. Mwezi wa Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh aliomba kwa wazi watu wa kompyuta wasaidie kuonyesha kwenye ramani mambo yanayotokea. Waliojitolea waliifanya kazi hiyo kwa siku chache, wakaipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Mmoja wao, Erik Hersman, akaja kuanzisha iHub mjini Nairobi mwaka 2010, pahala ambapo kijana mwenye wazo angeweza kukaa, kupata intaneti, na kukutana na wenzake wa kumuuliza maswali. Mwaka huo huo wanawake watatu wa Kenya, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walishinda mashindano ya saa 48 ya kupima mawazo kwa huduma yao ya M-Farm. Huduma hiyo ilimpa mkulima bei za soko kwa ujumbe wa simu, na ikawaunganisha wakulima wadogo wauze pamoja. Saa 48 hazitoshi kujenga kampuni, lakini zinatosha kumwonyesha mtu kama wazo lake linasimama mbele ya wasiomjua.

Hapa Ghuba milango ipo. Nchini Oman programu ya Intilaaqah, iliyoanzishwa na Shell mwaka 1995, imewafundisha vijana kuanzisha biashara. Mwaka 1998 ikaja Sharakah kusaidia miradi ya vijana, na mwaka 2013 serikali ikaunda Riyada kwa ajili ya biashara ndogo na za kati. Knowledge Oasis Muscat, kule Rusayl, kuna kituo cha kulea kampuni changa. Walioko Dubai wana in5 tangu 2013, na Sharjah wana Sheraa tangu 2016. Waendeeni. Watakupeni pahala, walimu na njia ya kufikia fedha. Lakini wao hawana friji barazani. Mwalimu atakwambia nenda kawaulize wenye taabu, na wenye taabu ni sisi.

Anachoweza kufanya kila mmoja wetu

Kwa wazee na wazazi: kijana akikuletea wazo, usikimbilie kusifu wala kukebehi. Mwambie wewe mwenyewe hulifanyaje jambo hilo sasa, linakugharimu kiasi gani, na lini lilikuudhi mara ya mwisho. Kama huna taabu ile, mwambie kwa upole: "Mwanangu, mie si mteja wako," kisha mwelekeze kwa aliye nayo. Kumtambulisha kwa mtu mmoja anayeijua kazi ile ni bora kuliko kumkopesha riyali mia.

Kwa vijana: msifiche. Najua mnaogopa kuibiwa wazo. Wazo la mjukuu wangu lilisikiwa na wanawake 11 na mstaafu wa forodha, na hakuna aliyeliiba, kwa sababu kazi ya kulitimiza ni nzito kuliko kulisikia. Siri ya kweli utakayokuwa nayo ni yale uliyojifunza baada ya kuuliza, na hiyo hakuna awezaye kukunyang'anya.

Tena, msiishie kwa jamaa. Jamaa atakununulia kwa huruma. Mjukuu wangu nilimtuma, baada ya sisi, kwa Wangazija, kwa Wakenya, kwa Watanzania walioko hapa kwa kazi, na kwa watu wa Pemba wanaoishi Dubai. Wangazija walimwambia taabu yao ni meli na wala si nafasi. Hilo asingelijua kwetu.

Na sote kwa pamoja: tuiondoe aibu. Mimi nilipofunga ofisi yangu mwaka 1987, nilipita miezi njia ya nyuma nisikutane na watu. Kama wazo dogo likianguka tunamwandama mtu nalo miaka, vijana wetu hawatajaribu, au watajaribu kwa siri, kwa fedha nyingi, na wataanguka kutoka juu. Afadhali waanguke wakiwa wamesimama chini, kwa riyali 38.

Mjukuu wangu sasa yuko kwenye shehena ya tatu. Kazi hajaiacha. Hii inaweza kuja kuwa kampuni, na inaweza kwisha mwakani, na yeye anajua hivyo. Friji imefika, dada anakunywa maji baridi. Juzi mama yake alikuja kuniamkia, na alipokuwa anamimina kahawa nikazisikia bangili zake zinalia. Sikusema kitu. Nilimwambia tu aniongeze kikombe.